Shemeki Yangu na Golf ya Vungi

Habari ninayoanza hapa, hakuna mutu ataisadiki. Haiko shida, nimezoea. Kuna siku nilieleza batu ku parokia namna nilishusha lori ya tonne kumi kutoka Lubero mupaka Butembo, frein, breki, imekufa, mukono moja ku usukani, mukono ingine inashika kuku ya mukwe wangu asianguke. Bakacheka. Na ile ilikuwa kweli, karibu yote. Donc hii ya leo, yenye iko kweli kuliko ile ya kuku, naiweka ku karatasi, juu karatasi haichekake.

Mu miaka ya vita, wakati kila asubui tulikuwa tunauliza kwanza nani anatawala muji mbele ya kuuliza kama chai iko, shemeki yangu Gérard Kahongya, bwana ya dada yangu mukubwa Marie-Jeanne, alikuwa anacheza golf. Hapa Butembo, ku kilima ya Vungi, katikati ya mbuzi. Sisemi ballon, mupira ya miguu. Golf: ule muchezo ya bazungu ya kupiga kamupira kadogo na fimbo ya chuma mupaka kaingie mu shimo. Kama unafikiri umesoma vibaya, rudia mustari.

Gérard haiko mutu ya kujisifu, ile kazi aliniachia miye. Ni infirmier, muuguzi wa serikali, maana yake serikali inamukumbuka siku inapenda. Mufupi, kichwa mbele kidogo, sawa mutu aliangusha sindano anaitafuta chini. Mais mikono yake! Mu centre de santé, kituo ya afya yetu, kama kuhara imemukausha mutoto mupaka mishipa imejificha, walikuwa banaita Gérard. Atashika kale kamukono sawa mutu anashika yai ya njiwa, atafunga macho kidogo, na sindano iko ndani. Bamama ya muji balijua ile mikono kuliko balivyojua sura yake. Nimeona mutu ya Manguredjipa alitembea siku tano na mutoto mu mugongo, bon, siku tatu, juu ya ile mikono tu.

Golf aliitosha wapi? Mu mwaka sabini na mbili, kijana wa miaka makumi mbili na mbili, walimupa kazi ku dispensaire, zahanati ya plantation moja ya kahawa, upande wa Mutwanga. Patron, mwenye shamba, alikuwa Mubeleji muzee, bibi amerudi kwao, jirani hana. Alikatisha majani mafupi mbele ya nyumba, akachimba mashimo tatu, na kila saa kumi ya jioni alikuwa anacheza yeye mwenyewe, anajishinda mwenyewe, anajikasirikia mwenyewe. Siku moja akamuita infirmier wake. Haikukuwa kwa kubeba mufuko, hapana. Alitaka mutu wa kucheza naye, juu peke yake alikuwa anazeeka mbio.

Ule muzee alimufundisha kitu moja tu, Gérard anasema, mengine ilikuwa kupamba. Alimuambia golf haichezwe na mikono. Inachezwa hapa, na akamugonga na kidole pa paji la uso. Mikono inajua kazi yake tangu zamani. Ni kichwa njo inakuya kuisumbua, inaisemesha: utakosa, batu banakuangalia, jana ulikosa pahali hii hii. Donc mbele ya kupiga, simama. Pumua. Angalia kamupira mupaka kaache kuwa kamupira, kakuwe tu kitu nyeupe mu majani. Na kimya. Mutu akiinamia kamupira, hakuna anayesema, hakuna anayekohoa, hata mbwa banaenda kumufunga nyuma ya jikoni. Mu kimya ile kichwa inalala, mikono inaamuka.

Na Gérard akaipenda. Siku moja nilimuuliza utamu iko wapi mu kupiga kitu kidogo hivi kisha kukifuata na miguu. Aliwaza sana, yeye anawazaka hata ukimuuliza saa. Akasema kushinda haikukuwa kitu. Utamu ilikuwa kale kapande kati ya kuinua fimbo na kusikia tok, pahali hakuna mutu anakuomba kitu. Na aliona haraka kama kimya ya golf na kimya ya kutafuta mushipa ya mutoto ni moja. Akachukua ile ya majani akaipeleka ku kitanda. Bamama banasema ile mikono ni Mungu alimupa. Ni kweli, mais Mungu aliipitisha kwanza ku Mutwanga.

Kisha serikali ikachukua mashamba ya bazungu, muzee akaenda na valise mbili za nguo. Alimuachia Gérard fimbo mbili, na tumipira tano ndani ya soksi. Vitu hivyo vilikaa juu ya armoire, kabati ya dada yangu miaka karibu makumi tatu, pamoja na mavumbi.

Ninaandika haya ku meza ya Gérard mwenyewe. Yeye anakaa kando yangu, anachambua maharagi. Ninasoma kwa sauti kila neno ninaloliandika, juu nilifika cinquième primaire, darasa la tano tu, na herufi nisipoziita kwa jina zinanikimbia. Mupaka sasa hajasema kitu. Ile ya frein alikohoa.

Vita sitaieleza. Kila mutu ya Beni na ya Butembo iko na yake, na anajua pahali aliiweka. Nitaeleza kapande ka Gérard tu. Ilikuwa mwaka elfu mbili na moja, mwezi wa tano. Walimutuma Beni kuchukua vaccin, chanjo ya surua. Alirudi mu jeep, dereva ni Ézéchiel, rafiki yake tangu masomo, mutu aliimba vibaya sana na hakuna aliyeweza kumunyamazisha. Katikati ya njia masasi ya bunduki ikatoka mu majani. Nani alipiga? Tuliambiwa majina tatu, kila moja na aliyeapa. Jeep ikaanguka mu mutaro. Gérard akatambaa mupaka kwa Ézéchiel, akalala kando yake mu majani marefu, akamushika pa kiwiko cha mukono, pa mushipa, sawa anavyoshika kila mugonjwa. Masasi ilikuwa imekwisha. Kukakuwa kimya. Ndege hapana, mutu hapana. Na mu kimya ile akahesabu mushipa ya Ézéchiel, akahesabu, mupaka hakukuwa tena kitu ya kuhesabu.

Vaccin ilifika Butembo ingali baridi. Hapa siongeze kitu.

Kisha wiki mbili wakamuletea mutoto. Akashika kamukono. Chumba ikanyamaza, sawa kila siku, juu bamama bote balijua kama Docta Gérard anatafuta mushipa, mutu anameza hata mate polepole. Na mikono ikaanza kutetemeka. Alichoma mara ine. Ya tano akamupa mwenzake sindano, akatoka inje, akasimama pa ukuta sawa mutoto aliyefukuzwa masomo.

Médecin-chef, daktari mukubwa wetu, alikuwa mutu ya Kasaï, aliyetumwa huku na serikali, mutu ya roho muzuri. Hakumugombeza. Alimuweka ku dirisha ya dawa, ahesabie bagonjwa comprimés, vidonge, akamuambia anamungojea mupaka mvua ya mwezi wa kumi na moja ikwishe. Kisha pale ataomba infirmier ingine, juu kitanda ya batoto haiwezi kukaa bila mikono. Na Gérard akaitika ndiyo, ni haki. Hiyo njo ilimuogopesha dada yangu: kwamba aliitika. Akatuma mutu kuniita.

— Laurent, akaniambia ku mulango, nikiwa sijavua hata koti, njo ukae kwetu kidogo. Anakula tu wakati unasema uongo.

Donc miye nikaingia nyumba ile sawa dawa, asubui, midi na mangaribi, kisha chakula.

Zile fimbo ni miye nilizivumbua. Sikukuwa natafuta fimbo, nilikuwa natafuta pahali dada anaficha sukari, mais kuvumbua ni kuvumbua. Nikazishusha, nikatia soksi mu mufuko, nikamufuata Gérard ku kilima ya nyuma ya nyumba, pale mbuzi za watu zimekula majani mupaka yamekuwa mafupi sawa nywele ya askari. Tukachimba shimo, tukatia mukebe ya Nido, maziwa ya unga, ndani yake, mudomo juu. Nikamuambia ngoja nikuonyeshe namna inachezwa. Nikainua fimbo mupaka nyuma ya shingo, nikapiga na nguvu yote ya ukoo wetu. Kamupira kalibakia pahali pake, kananiangalia. Kiazi tamu ya mama Orpa, jirani yetu, njo ilitoka mu udongo, ikaruka mita makumi tatu. Bon, ilitoka mu udongo.

Gérard akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Marie-Jeanne alisikia toka jikoni, akakuja mupaka pa kona ya nyumba na mwiko mukononi, akatuangalia, akarudi. Nilimuona anajipangusa macho na ile mukono yenye mwiko.

Tangu siku ile, kila asubui mbele ya kazi, tulipanda. Na hapa njo kuna ajabu, musome polepole. Ile ya mbali, hatua makumi sita, Gérard alipiga vizuri: fimbo inazunguka, tok, kamupira kanapita juu ya mbuzi, kanashuka kando ya mukebe sawa kanaitwa. Mais ile ya mwisho, ya hatua mbili, yenye hata mbuzi angeisukuma na pua, ile ilimushinda. Anainama, anapumua, anangojea kimya, na ncha ya fimbo inaanza kucheza sawa mukia ya mwana-kondoo. Kamupira kanapita kushoto. Kanapita kuume. Siku moja kalizunguka mudomo ya mukebe, kakatoka tena.

Nilimuuliza juu ya nini ya mbali inaingia rahisi na ya karibu hapana. Akasema ya mbali hakuna mutu anayengojea kitu, hata yeye mwenyewe. Ya karibu kila kitu kinangojea. Kichwa inapata nafasi ya kusema.

Nikaona ni kimya haitoshi. Mimi nikakuwa polisi ya kimya. Nikafukuza mbuzi. Nikaenda kuomba jirani azime radio. Nikasimama pa kajia pale bamama banapita na mizigo kwenda soko, nikawa nainua mukono: mungoje, Docta anapiga. Bakangoja, poireaux, vitunguu ya majani, na makaa ku kichwa, banashangaa. Kilima yote ikanyamaza mupaka ukasikia mbuzi anatafuna. Na kadiri nilivyoongeza kimya, Gérard alizidi kutetemeka. Mwezi wa tisa ukapita hivi. Wa kumi ukaingia na mvua yake.

Sasa, kwetu Banande kuna kitu. Mutu mukubwa akiwa ameinama mu kazi, hupite nyuma yake sawa mwizi. Unamusalimia. Na yeye aliyeinama anajibu, hata kama jembe iko hewani, kisha anauliza ya kwako. Ukinyamaza, watu banaanza kuuliza muligombana wapi. Na miye nilikuwa nimezuia kilima yote kwa miezi mbili, na hakuna aliyenikatalia juu walifikiri ni amri ya docteur.

Isipokuwa mama Orpa. Alishuka asubui moja na kikapo ya poireaux, na kesi ya kiazi tamu ilikuwa ingali mu roho yake. Nikanyanyua mukono. Hakusimama.

— We Laurent, hii kilima niliilima mbele ya mama yako kukubeba. Utanifundisha kupita? Papa Jephté, wavukire!

Gérard, baba ya Jephté, alikuwa ameisha kuinama, fimbo iko nyuma. Atafanya nini? Mama mwenye miaka sabini amemuamukia. Akageuza kichwa.

— Wavukire, mama. Poireaux inasema nini?

— Inaoza na hii mvua. Na Mama Jephté, mugongo yake?

— Inapona, mama, inapona polepole.

Na pa neno polepole tukasikia mukebe unalia. Tukaangalia bote tatu. Kamupira kalikuwa ndani. Gérard hakukaona kakiingia, alikuwa anaangalia mama Orpa.

Mimi na akili yangu kubwa nilifahamu pale pale: mama Orpa iko na dawa. Wiki nzima nilimubebea kikapo mupaka soko ili aniambie ni majani gani. Aliniacha nibebe, siku ya sita akaniuliza kama niko muzima ya kichwa.

Ni Gérard njo alifahamu. Alitaka ajaribu. Asubui moja alipiga kumi mu kimya: moja ikaingia. Akaniambia niache bamama bapite, basalimie. Akapiga kumi akijibu salamu, mutu baada ya mutu, watoto banaendelea namna gani, na ule muzee wa Kitulu ametoka hospitali, na mihogo, na mvua: munane ikaingia. Kisha akaweka fimbo chini, akakaa mu majani yenye maji, na suruali ya kazi, miye nikakaa kando. Hapo njo alinieleza ya mutaro, ya Ézéchiel na mushipa. Tulijua tu kama Ézéchiel alikufa. Hatukujua kama alikufa mu mukono yake.

— Ile kimya ya muzee ilikuwa muzuri, Laurent, akasema. Ilikufa kule ku njia. Sasa kukinyamaza, miye naanza kuhesabu.

Nilitafuta uongo moja ya kumupa, hata kadogo. Nilikosa. Nikamutolea jani ku bega.

Kuanzia siku ile golf ya Vungi ikabadilika, na wazungu bakisoma haya bajue ilivumbuliwa hapa. Hakuna kunyamaza. Bamama walipojua, walikuwa banapita kajia ile kwa makusudi, hata wale wenye kajia yao ni ingine, na kila mumoja na salamu yake. Gérard anajibu, anauliza, anapiga. Akikosa anacheka, bamama banacheka, na mama Orpa anamuambia ajaribu tena na aache uvivu. Alianza kupanda mbele yangu asubui. Alianza kunikuta nikingali kitandani na kunitosha blanketi. Mutu anayecheza na roho ngumu hafanye vile, ule alikuwa anaenda kufurahi.

Mais mukebe ya Nido haiko mutoto. Alilijua. Ku dirisha ya dawa aliendelea kuhesabu comprimés, na mwezi wa kumi na moja ulikuwa unakwisha. Médecin-chef alikuwa ameisha kuandika barua ya kuomba mutu ingine. Barua iliwekwa juu ya meza, bila timbre, stempu ya kuituma.

Sasa niko pa mwisho, na musiogope: ule mutoto nitakayemutaja leo iko mu masomo ya secondaire, na anasema mingi kuliko miye. Anaitwa Précieuse. Siku ile alikuwa na miezi munane. Mama yake, Florentine, alimuleta toka Kasugho, siku mbili na mvua, mutoto amekauka, macho imeingia ndani, hata kulia hawezi. Infirmier mwenye zamu alichoma mikono yote mbili, akachoma muguu, hakupata. Médecin-chef akatoka mwenyewe mupaka ku dirisha ya dawa. Alisema neno moja tu, Gérard, na kwa sauti ya kuomba.

Miye nilikuwa pale, nilimuletea chakula ya midi. Niliangalia pa mulango.

Gérard akainama, akashika kamukono. Bamama waliokaa ku mabenchi na batoto yao bakanyamaza bote mara moja. Ku ukuta iliandikwa SILENCE, maana yake kimya, na rangi nyekundu, tangu Wabeleji. Na nikaona kiwiko yake inaanza. Nilijua kile anachofanya mu kichwa: anahesabu.

Akanyanyua uso.

— Bamama, akasema, munisalimie.

Bakaangaliana. Mumoja akaangalia ile maandiko ya ukuta.

— Tafazali. Munisalimie sawa niko mu shamba.

Florentine njo alianza. Machozi inamushuka, mutoto wake mbele yake sawa kitambaa, na akamuamukia kwa Kinande vizuri, sawa anapita na jembe ku bega: wavukire, Papa. Gérard akamujibu, akamuuliza kule Kasugho mvua iko namna gani. Akamuambia imevunja daraja. Mwingine nyuma akasalimia, wa tatu akasalimia, chumba ikajaa salamu sawa soko ya siku ya juma, na Gérard anajibu kila mumoja, anauliza juu ya maharagi, juu ya mugongo, juu ya mukwe, na mikono yake chini kule imetulia, hakuna mutu anayeisumbua. Bamama mia mbili walikuwa banasalimia, na médecin-chef naye pa mulango anasalimia kwa Kinande ya kuvunjika, na pale pale, mara ya kwanza tu, bila hata kutafuta, sindano ikaingia mu mushipa sawa uzi mu tundu ya

— Mara ya pili, Laurent. Ya kwanza nilikosa. Bamama bakaendelea tu kunisalimia.